Martinus Nijhoff na miaka kumi iliyombadilisha

Jina la Martinus Nijhoff huwachanganya wengi. Aliyesoma sheria za kimataifa chuoni amelizoea kwenye migongo ya vitabu, kwa kuwa ni jina la nyumba ya uchapishaji iliyoanzishwa The Hague mwaka 1853, ambayo baadaye ikawa chapa ya kampuni ya Brill ya Leiden. Anayesafiri kwa gari kutoka Utrecht kwenda kusini mwa Uholanzi hulivuka jina hilo hilo juu ya mto Waal, maana daraja la barabara kuu pale Zaltbommel linaitwa Martinus Nijhoff. Wafasiri wa Uholanzi nao hulitamani, kwani tuzo kubwa kuliko zote katika kazi yao imepewa jina hilo.

Wenye jina ni wawili, babu na mjukuu. Babu ndiye mchapishaji. Mjukuu ni mshairi aliyezaliwa The Hague tarehe 20 Aprili 1894 na kufariki katika mji huo huo tarehe 26 Januari 1953. Daraja na tuzo ni vya mjukuu, na huyo ndiye nitakayemzungumzia.

Hapo kuna swali ambalo wengi hulipita bila kulijibu. Nijhoff anahesabiwa miongoni mwa washairi wakubwa kabisa wa Kiholanzi katika karne ya 20. Mistari yake imo vinywani mwa watu ambao hawajawahi kufungua diwani yake hata moja. Iweje basi mtu wa namna hiyo akumbukwe kwa tuzo ya wafasiri? Maelezo ya kawaida juu ya maisha yake huanza na mashairi, yakaendelea na mashairi, kisha mwishoni yakaongeza kwamba "pia alitafsiri", kana kwamba tafsiri ilikuwa kibarua cha kujazia kipato. Mimi naona mpangilio huo una kasoro. Ukiifuata miaka yake kwa zamu utaona kuwa tafsiri ilifika pale ushairi wake ulipokwama, na kwamba mashairi yake makubwa yaliandikwa na mtu aliyekwisha kufunzwa na kazi za wengine.

Tuanze nyumbani kwao. Baba yake, Wouter Nijhoff, ndiye aliyekuwa akiendesha kampuni ya familia, mtu wa vitabu na hesabu. Mama yake alikuwa na moyo wa dini uliomfikisha kwenye Jeshi la Wokovu, lile linalohubiri barabarani kwa ngoma na nyimbo. Ndani ya nyumba moja palikuwa na baba wa mantiki na mama wa tenzi za rohoni, na kijana Martinus, ambaye ndugu na marafiki walimwita Pom, alikua katikati yao. Ilitarajiwa aingie kwenye biashara ya familia. Badala yake akaenda Amsterdam kusomea sheria, akaitwa jeshini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ingawa Uholanzi haikupigana, na mwaka 1916 akatoa diwani yake ya kwanza, *De wandelaar*, yaani Mtembezi. Mwaka huo huo alimwoa Netty Wind, ambaye baadaye naye alikuwa mwandishi wa riwaya kwa jina la A. H. Nijhoff. Walipata mtoto mmoja wa kiume.

Mtembezi wa diwani ile ni mtu mpweke anayeyatazama maisha kama aliye juu ya mnara. Watu wanapita chini, naye anawaona lakini hawafikii. Katika *Vormen* ya mwaka 1924, diwani iliyomjengea jina, huzuni imetulia na ufundi umekomaa. Humo mna shairi la askari aliyemsulubisha Yesu. Ni yule yule aliyeshika nyundo na misumari, na tangu siku ile hana amani, anachora samaki kila mahali, alama ya siri ya Wakristo wa kwanza, na watu wakimuuliza hujibu kwamba Yesu ndiye aliyempigilia msumari mkononi. Nalitaja kwa sababu hapo tayari Nijhoff ameanza kusema kwa mdomo wa mtu mwingine, na anasema vizuri zaidi kuliko pale anaposema "mimi".

Kisha kimya. Kutoka *Vormen* hadi diwani kubwa iliyofuata, *Nieuwe gedichten* ya mwaka 1934, ilipita miaka kumi. Hakuwa amekaa bure. Alikuwa mhakiki wa magazeti mwenye jicho kali, na kuanzia mwaka 1926 alikuwa mmoja wa wahariri wa *De Gids*, jarida la fasihi lenye heshima ya muda mrefu. Nyumbani ndoa ilikuwa imebaki kwenye karatasi. Netty alihamia nje ya nchi pamoja na mtoto, na huko Paris akaishi na mchoraji Mwingereza Marlow Moss. Nijhoff na Netty hawakugombana hadharani, wala hawakuachana rasmi hadi mwaka 1950, lakini mshairi alikuwa peke yake.

Ndipo zikaja tafsiri, moja baada ya nyingine. Mwaka 1929 alitoa *Moer*, tafsiri ya *Paludes* ya Mfaransa André Gide. Mwaka 1930 ikatoka *De storm*, ambayo ni *The Tempest* ya Shakespeare. Katika kipindi hicho pia aliitia katika Kiholanzi *Histoire du soldat*, mchezo ambao Mswisi C. F. Ramuz aliuandikia maneno na Igor Stravinsky muziki. Ukizitazama kazi hizi tatu kwa pamoja utadhani zimeokotwa ovyo. Hazifanani kwa zama wala kwa mtindo, lakini kila moja ilimpa Nijhoff kitu alichokikosa.

Kitabu cha Gide kinamhusu mwandishi anayeandika kitabu ambacho jina lake ndilo hilo hilo la kitabu tulichoshika. Humo kuandika kwenyewe ndiko tukio, na mwandishi si nabii, ni mhusika kama wahusika wengine. Shakespeare alimpa mshororo usio na kina ambao mtu anaweza kuutamka jukwaani akiwa amekasirika, amelewa au amependa, ukabaki ushairi. Ramuz ndiye aliyemfunza zaidi, kwa maoni yangu. Mchezo ule ni hadithi ya askari anayerudi kwao likizo kwa miguu, akakutana njiani na Shetani, akabadilishana naye fidla yake kwa kitabu kinachotabiri yatakayokuja. Anakaa kwa Shetani siku tatu, na anapofika kijijini anakuta imepita miaka mitatu, mchumba wake ameolewa na watu wanamkimbia kama mzuka. Msimulizi wa hadithi hii hutumia maneno ya kila siku kabisa, ya mtu anayepiga soga, ila yamefungwa kwenye mapigo ya muziki. Mfasiri hawezi kuongeza neno la pambo, kwa sababu wapiga muziki hawatamsubiri. Inabidi atafute neno la kawaida lililo fupi na linaloingia mahali pake.

Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa uaminifu haandiki tena kama zamani. Mwaka 1932, akikaribia kutimiza miaka 40, Nijhoff alijiandikisha Chuo Kikuu cha Utrecht kusoma lugha na fasihi ya Kiholanzi, lugha ambayo tayari alikuwa mmoja wa mabingwa wake. Alipanga kwenye Oudegracht, mfereji mkongwe unaopita katikati ya mji, na humo Utrecht ndimo ukurasa mpya ulipofunguka.

Tuliangalie kwa karibu shairi moja, soneti ya mistari 14 inayoitwa *De moeder de vrouw*, mama, mwanamke. Mnamo Novemba 1933 lilifunguliwa daraja jipya la magari juu ya mto Waal pale Zaltbommel, mji ambao kwa kifupi huitwa Bommel; si hili la leo lenye jina lake, bali lililolitangulia. Soneti inaanza kwa sentensi ambayo ingeweza kuandikwa kwenye kadi ya posta: nilikwenda Bommel kuliona daraja. Nikaliona daraja jipya. Kisha anasema kwamba kingo mbili zilizokuwa kama zinakwepana sasa zimekuwa majirani. Msemaji amelala majanini, amekwisha kunywa chai, kichwa kimejaa mandhari pana iliyomzunguka, na ghafla anasikia sauti. Ni mwanamke. Chombo anachokiongoza kinashuka taratibu na mkondo kupita chini ya daraja. Yuko peke yake sitahani, ameshika usukani, anaimba, na anachoimba ni zaburi. Msemaji anatamani kwamba angekuwa mama yake anayepita pale. Zaburi inasema Mungu asifiwe, mkono wake utakulinda.

Hakuna neno la kishairi hata moja katika soneti hiyo. Kuna daraja, chai, chombo na usukani. Lakini anayejua kwamba mama yake Nijhoff alikuwa mwimbaji wa Jeshi la Wokovu, na kwamba wakati soneti inaandikwa alikuwa amekwisha fariki, anaelewa kinachopita chini ya daraja lile. Na asiyejua anaguswa vile vile, jambo ambalo ndilo gumu zaidi. Mshairi wa *De wandelaar* angeeleza upweke wake. Huyu wa 1934 anatueleza daraja, upweke unakuja wenyewe.

Diwani hiyo hiyo inafungwa na *Awater*, shairi refu ambalo wasomi wa Kiholanzi wamelibishania kwa miaka tisini. Kisa chake ni chepesi kukisimulia. Mtu mmoja aliyefiwa na ndugu yake anatafuta mwenzi wa safari. Anamwona karani aitwaye Awater, na saa za kazi zinapokwisha jioni anaanza kumfuata mjini bila kuonekana: kwa kinyozi, mkahawani, kwenye mgahawa wa chakula, hadi stesheni. Hawazungumzi. Pale mgahawani watu wanamshangilia Awater, naye anasimama na kukariri soneti ya Petrarca, mshairi wa kale wa Italia. Mbele ya stesheni kuna mwanamke wa Jeshi la Wokovu anahubiri, Awater anasimama kumsikiliza, na yule mfuataji anampita na kuingia ndani, ambako treni ya Orient Express iko tayari kuondoka. Basi, shairi limekwisha.

Ugumu uko wapi? Sehemu moja ya jibu imo ofisini, karibu na mwanzo wa shairi. Awater yuko kazini, karatasi ziko mbele yake, na hapo unakuja mshororo ambao kila mwanafunzi wa sekondari Uholanzi ameusikia: soma tu, kilichoandikwa sicho kilichoandikwa. Watu huunukuu peke yake kama fumbo la ushairi wote, na wanaishia hapo. Lakini shairi lenyewe linaendelea mara moja kutuambia kilichoandikwa ni nini: mwana anamwambia mama yake kwamba kamwe hatalivaa lile koti la manyoya ambalo mwanawe alikuwa akidunduliza senti kwa senti amnunulie. Kwa hiyo mshororo ule maarufu hausemi kwamba mashairi hayana maana au kwamba yana maana yoyote utakayo. Unasema kwamba nyuma ya karatasi za karani kuna mtu aliyefiwa. Nasikitika kila ninapouona umekatwa hapo katikati.

Sehemu ya pili ya jibu ni umbo. Nijhoff hakutumia vina vya kawaida. Alikwenda kuchukua umbo la tenzi za mashujaa za Kifaransa cha kale, zile za akina Roland, ambamo mishororo imepangwa kwenye mafungu marefu na kila fungu linashika irabu moja mwishoni. Konsonanti zinabadilika, irabu inakaa. Msomaji wa Kiswahili ataelewa upesi akikumbuka kina cha bahari katika utenzi, kinachokwenda toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho bila kubadilika, ila kwa Nijhoff kinachodumu ni sauti ya irabu tu, nayo hubadilika fungu linapobadilika. Katika Kiholanzi, ambamo maneno mengi huishia kwa konsonanti, mlio huo hausikiki waziwazi. Unasikika kama mlio wa mashine chumba cha pili. Kwetu, ambako karibu kila neno linaishia kwa irabu, mbinu hiyo isingetosha hata kuitwa kina, na atakayejaribu kulitia *Awater* katika Kiswahili atalazimika kutafuta njia nyingine ya kulishikamanisha.

Mwezi Novemba 1935 Nijhoff alitoa mhadhara Enschede juu ya kazi zake mwenyewe, na humo alilizungumzia shairi hilo. Alichokuwa akikitafuta ni ushairi unaoweza kuishi ndani ya mji mkubwa na umati wake, wala si ushairi wa mtu mmoja anayelia dirishani. Ndiyo maana mhusika wake ni karani, na ndiyo maana umbo limeazimwa kutoka enzi ambazo mtunzi hakujulikana hata jina. Joseph Brodsky, mshairi wa Kirusi aliyepata Nobeli mwaka 1987, alilisoma kwa tafsiri na kulihesabu miongoni mwa mashairi makubwa ya karne nzima.

Baada ya *Awater* ikaja *Het uur u*, shairi refu jingine, lililotoka kwanza jaridani na kisha kama kitabu mwaka 1942. Mchana wa joto, mtaa wa watu wenye nafasi zao, mtu asiyejulikana anapita. Hafanyi lolote. Hata hivyo kila aliye nyuma ya pazia anaonyeshwa kwa dakika chache maisha ambayo angeweza kuishi na hakuyaishi, kisha mtu yule anatokomea na pazia zinatulia. Wapo wanaoliweka juu ya *Awater*. Mimi simo, lakini nakubali kwamba hakuna mahali alipoikaribia zaidi lugha ya mazungumzo bila kuangusha mizani hata mara moja.

Uvamizi wa Wajerumani ulipokuja Mei 1940 alikuwa ofisa wa akiba katika kikosi cha uhandisi. Wavamizi walianzisha chama cha lazima cha wasanii, Nijhoff hakujiunga. Ujuzi wake wa jeshini ulitumika kwa siri: aliwashauri watu waliopanga kulipua ofisi ya sajili ya wakazi ya Amsterdam, shambulio lililofanyika tarehe 27 Machi 1943. Sababu ya shambulio ilikuwa kadi zilizomo, maana kwa kuzilinganisha kadi hizo Wajerumani waliweza kuvitambua vitambulisho vya bandia vya Wayahudi na wengine waliojificha. Wanaume 12 waliuawa kwa kupigwa risasi tarehe 1 Julai mwaka huo, miongoni mwao msanii Willem Arondéus. Nijhoff alinusurika.

Vita vilipokwisha alikuwa mshauri wa wizara ya elimu katika mambo ya fasihi, na kalamu yake ilirudi kwa nguvu kwenye kazi za kutamkwa. Mwaka 1950 alikusanya michezo yake mitatu ya kidini chini ya jina *Het heilige hout*, mmoja wa Krismasi, mmoja wa Pasaka na mmoja wa Pentekoste. Alitafsiri *Ifigenia* ya Euripides, ile ya Taurisi, na *The Cocktail Party* ya T. S. Eliot. Mwaka 1952 alimwoa mwigizaji Georgette Hagedoorn.

Kazi aliyoiacha mezani ilikuwa zaburi. Makanisa ya Kiprotestanti ya Uholanzi yalikuwa bado yanaimba zaburi kwa maneno ya mwaka 1773, Kiholanzi cha mawigi na mikia ya makoti, na Nijhoff aliombwa asaidie kuandika upya. Masharti yalikuwa magumu kuliko ya soneti yoyote. Tuni ni za Geneva za karne ya 16, idadi ya silabi za kila mstari haiguswi, maana ya Kiebrania haipindwi, na bibi wa kijijini lazima aweze kuimba mara ya kwanza bila kujikwaa. Alifariki akiwa amekamilisha chache tu. Washairi vijana kama Ad den Besten, Willem Barnard na Jan Wit ndio walioibeba kazi hadi mwisho katika miaka ya 1960, na ikaingia kwenye kitabu cha nyimbo cha makanisa cha mwaka 1973.

Sasa tuzo inaeleweka. Mfuko wa utamaduni wa Prins Bernhard uliianzisha mwaka ule ule wa kifo chake, na ikatolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1955. Inawahusu wanaotafsiri kuingia katika Kiholanzi na wanaotafsiri kutoka humo. Mwaka 1956 aliipata James Holmes, Mmarekani aliyehamia Amsterdam, mgeni wa kwanza kuipata, ambaye alimtafsiri Nijhoff mwenyewe na baadaye akawa mmoja wa waasisi wa taaluma ya tafsiri vyuoni.

Kwa anayetaka kusoma, kuna toleo la Kiingereza la *Awater* la mwaka 2010 lenye tafsiri tatu tofauti za shairi moja, ya Daan van der Vat, ya Holmes na ya David Colmer. Anayesoma Kiholanzi ana toleo la kitaalamu la mwaka 1993 lililohaririwa na W. J. van den Akker na G. J. Dorleijn, linaloonyesha jinsi Nijhoff alivyokuwa akiyafumua mashairi yake na kuyashona upya kila yanapochapishwa. Hakimiliki ya kazi zake imekwisha tangu Januari 2024, miaka 70 baada ya kifo chake kutimia, kwa hiyo anayetaka kumleta katika Kiswahili hahitaji kuomba ruhusa kwa mtu. Ningemshauri aanze na soneti ya daraja la Bommel, na asiongeze neno la pambo.